Nani Huyo Kwenye Kinanda cha Mdomo? Mwongozo Kamili wa Kuwatambua Wapigaji wa Bluzi kwa Sikio

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba solo ya kinanda cha mdomo kwenye "Walking by Myself" ya Jimmy Rogers, ya mwaka 1956, ni ya Little Walter. Nilisema bila kusita, tena mbele ya watu wanaojua. Siku moja mzee mmoja mwenye santuri kabati zima akanitazama, akarudisha sindano nyuma, akaniuliza: "Hebu sikiliza anavyoingia. Little Walter angeingia hivi?" Nikasikiliza. Sauti ilikuwa nene, imejaa mpaka pembeni, na haina papara. Yule hakuwa Little Walter. Alikuwa Walter mwingine, Big Walter Horton. Nilikunywa chai yangu kimya.

Kosa langu lilikuwa kusikiliza wimbo badala ya mpigaji. Mtu aliyekulia kwenye rumba hahitaji kuambiwa gitaa la Franco ni lipi na la Dr Nico ni lipi. Anajua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kwenye bluzi ni vilevile, ila santuri za zamani ziliandika jina la mwimbaji peke yake, na aliyepiga kinanda nyuma yake ukabaki kumtafuta kwa masikio. Vipande vya muziki huigwa na kuazimwa kila siku. Pumzi, ulimi, koo na viganja vya mtu ni vigumu kuazima, na hivyo ndivyo tutakavyovifuata hapa.

Kifaa chenyewe kwanza

Kinanda cha bluzi kinaenea kiganjani: matundu 10, vijilimi 20 vya shaba, viwili kwa kila tundu. Kimoja hulia ukipuliza, kingine ukivuta. Kampuni ya Hohner ya Trossingen, Ujerumani, ilileta modeli ya Marine Band mwaka 1896, na kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa silaha ya kawaida ya wapigaji wa bluzi. Kimepangwa kwa ajili ya nyimbo za furaha za Ulaya. Ukikipiga kama mtengenezaji alivyokusudia, hutasikia huzuni yoyote ndani yake.

Watu weusi wa Kusini mwa Marekani ndio waliokigeuza. Walichukua kinanda cha ufunguo wa C (ufunguo ni noti ambayo wimbo hutulia) wakakipigia wimbo ulio kwenye G, na hapo uzito wote ukahama kutoka kupuliza kwenda kuvuta. Huo mtindo unaitwa nafasi ya pili, na bluzi nyingi utakazosikia zimepigwa hivyo. Faida yake ni kwamba noti za kuvuta za upande wa chini zinakunjika. Chukua tundu la 3: ukivuta kawaida unapata B. Ukirudisha ulimi nyuma na kubadilisha umbo la kinywa, sauti inateremka nusu toni moja, mbili, hata tatu, bila kugusa kitu kingine chochote. Ule mlio wa mtu anayelalamika unatoka hapo.

Kama unaweza kupata kinanda cha C, kipate, hata kama huna nia ya kuwa mpigaji. Dakika 10 za kuhangaika na tundu la 3 zitakufundisha kusikia mengi. Vitu vingine viwili unavyohitaji ni hedifoni na daftari. Spika ya simu inakula sauti za chini, na sauti za chini ndizo zenye siri.

Hatua ya 1: Umeme au hewa tupu?

Hili ndilo swali la kwanza kila mara, kwa sababu linafuta nusu ya majina papo hapo.

Mpigaji wa hewa tupu anapiga mbele ya maiki iliyosimama, mikono yake ikiwa huru. Viganja vinafunika kinanda na kukifunua: vikifunga, sauti inafifia na kuwa ya ndani, vikifungua, inatoka na kung'aa. Utasikia "wua, wua", kama mtoto anayelia huku mtu akimziba mdomo na kumwachia.

Mpigaji wa umeme ameshika maiki ya bei rahisi pamoja na kinanda, amevifumbata vyote viwili, na waya unakwenda kwenye amplifaya ya valvu. Kwa kuwa viganja vimeziba, sauti kali za juu zinakatwa, maiki inalemewa, na amplifaya inaanza kukwaruza. Kinachotoka hakifanani tena na kinanda cha mdomo; kinakaribia saksafoni yenye mafua. Na angalia jambo hili: mikono ikiwa imefumbata maiki, ile "wua, wua" inapungua sana. Mtetemo inabidi utoke kooni au kifuani.

Kwa hiyo ukisikia mkwaruzo mzito na mtetemo wa koo, uko Chicago baada ya vita vya pili vya dunia, au kwa mtu aliyejifunza kutoka huko. Ukisikia viganja, uwanja bado ni mpana.

Hatua ya 2: Yuko upande gani wa kinanda?

Wengi wanakaa matundu 1 hadi 6. Ukisikia noti kali za juu kabisa, zinazokunjwa huku mtu akipuliza, nyembamba kama filimbi lakini zinateleza, jina la kwanza kuandika ni Jimmy Reed. Yeye alipiga gitaa huku kinanda kikiwa kwenye fremu shingoni, kwa hiyo hana viganja kabisa: hakuna kufunika, hakuna kufunua. Mara nyingi alipiga nafasi ya kwanza, yaani kinanda na wimbo viko kwenye ufunguo mmoja, na alipenda kukunja matundu ya 8, 9 na 10. Sikiliza "Honest I Do" ya 1957 mara moja tu. Wenye mazoea ya kudharau husema alikuwa mpigaji wa kawaida. Mimi nawaambia wajaribu kukunja tundu la 10 ndipo turudi mezani.

Hatua ya 3: Ulimi au midomo?

Kuna njia mbili za kutoa noti moja safi. Ya kwanza ni kubana midomo kama mtu anayepiga mluzi. Ya pili ni kufungua mdomo mpana juu ya matundu kadhaa na kuziba yasiyotakiwa kwa ulimi.

Wa ulimi ana kitu ambacho wa mluzi hana: anaweza kuinua ulimi ghafla na kuachia kodi nzima, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, chini ya noti, kisha kuziba tena. Utasikia "pa!" ya nguvu kabla ya noti, kama kofi la mlango. Anaweza pia kuziba matundu ya katikati na kupiga oktavu, noti ileile juu na chini kwa wakati mmoja. George "Harmonica" Smith alijenga sauti yake kwa oktavu hizo, na waliomfuata huko California, William Clarke na Rod Piazza, walizichukua kwake.

Paul Butterfield wa Chicago yuko upande wa pili. Noti zake zinatoka moja moja, safi, zinasukumwa kwa nguvu kama sauti ya mwimbaji, na kodi ni chache. Ukisikia umeme mkali lakini mistari mitupu isiyo na yale makofi ya ulimi, muweke kwenye orodha.

Hatua ya 4: Anafanya nini akiwa hapigi?

Hapa watu wengi wanapita haraka, na mimi ningekaa hapa siku nzima. Bluzi ya baa 12, yaani duru la vipimo 12 vya mapigo, ina nafasi za wazi: mwimbaji anaimba baa mbili hivi, kisha anaacha pengo. Kinanda kinaingia kwenye pengo. Swali ni kinaingiaje, na kinatoka lini.

Sonny Terry haachi pengo kabisa. Yeye ndiye ngoma, ndiye treni, ndiye mbwa wa mawindo. Alikuwa kipofu, mzaliwa wa Georgia mwaka 1911, na anajaza kila pigo kwa kodi zinazokwenda "chuku-chaka", halafu katikati ya pumzi anatoa yowe jembamba kwa sauti yake mwenyewe, kisha anarudi kwenye kinanda kabla pigo halijapotea. Hilo yowe halina mwenzake. Alipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, Desemba 1938, na baadaye akawa na mpiga gitaa Brownie McGhee kwa miongo kadhaa. Ukisikia treni bila yowe, tena rekodi yenyewe ni ya miaka ya 1920, fikiria DeFord Bailey wa Nashville na "Pan American Blues" ya 1927. Treni yake inaondoka stesheni polepole na kuchanganya mwendo kwa namna ambayo abiria yeyote wa Reli ya Kati ataitambua.

Junior Wells anafanya kinyume. Anapiga noti mbili, tatu, fupi, kavu, kama mtu anayebisha hodi, kisha ananyamaza na kuiachia bendi. Albamu yake ya 1965, "Hoodoo Man Blues", ikiwa na Buddy Guy kwenye gitaa, ni shule ya kunyamaza. James Cotton naye anaingia kama mtu aliyevunja mlango: pumzi nyingi, sauti kubwa, mwendo wa kasi, na hajali kama kuna vumbi. Msikie na mwimbaji wa Chicago, Muddy Waters, kwenye tamasha la Newport la 1960.

Hatua ya 5: Ni kinanda cha namna gani?

Kuna kinanda kikubwa cha kromatiki, chenye kitufe pembeni. Kwenye bluzi hakitumiki kwa ajili ya kitufe hicho, maana wengi hawakigusi sana. Kinapendwa kwa kodi zake nzito zenye giza, hasa kikipigwa nafasi ya tatu, yaani kinanda cha C kwa wimbo ulio kwenye D. Ukisikia sauti pana kama kodiani yenye huzuni, majina ya kwanza ni Little Walter, George Smith na William Clarke. Nafasi ya tatu hupigwa pia kwenye kinanda kidogo, na huleta hali ya sala ya jioni. Charlie Musselwhite kwenye "Christo Redemptor" ya 1967 ndiye mfano ninaowapa watu.

Sonny Boy wawili

Sasa kazi yenyewe. Kuna watu wawili waliorekodi kwa jina la Sonny Boy Williamson, na orodha za muziki za mtandaoni huwachanganya hadi leo, picha ya huyu kwenye nyimbo za yule.

Wa kwanza ni John Lee Williamson, aliyezaliwa 1914 karibu na Jackson, Tennessee. Alianza kurekodi mwaka 1937 kwa lebo ya Bluebird, na "Good Morning, School Girl" imo katika kazi yake ya kwanza. Aliuawa na wanyang'anyi Chicago mwezi Juni 1948, akiwa na miaka 34. Wa pili ni Aleck Miller, ambaye watu walimwita Rice. Alilitumia jina hilo kwenye redio ya KFFA, Helena, Arkansas, katika kipindi cha King Biscuit Time kilichoanza 1941, wakati mwenye jina akiwa hai na maarufu. Rekodi yake ya kwanza ilitoka 1951.

Kwa hiyo tarehe pekee inatosha kuwatenganisha: rekodi ya kabla ya kifo cha 1948 ni ya John Lee, rekodi ya 1951 na kuendelea ni ya Rice Miller. Lakini tumekuja kufundisha masikio, basi tusitegemee karatasi.

John Lee anaimba na kinanda chake kama mtu mmoja mwenye vinywa viwili. Mstari wa sauti unakatika katikati na kinanda kinaumalizia, tena haraka, kwa kodi nene za kuvuta na "wua" ya kiganja. Ulimi wake ulikuwa mzito kidogo katika kuimba, maneno yanabanana, na huo uzito unasikika. Hapo awali kinanda kilikuwa pambo la pembeni; yeye alikifanya kiongoze bendi. Junior Wells na wengine wa Chicago walianzia kwake.

Rice Miller ana hila zaidi. Yuko karibu na sikio lako, ananong'ona, halafu anacheka. Noti yake moja inaanza tupu, kavu, bila mtetemo. Katikati mkono unaanza kupepea na noti inatikisika yote. Mwishoni inashuka na kufa kama mtu aliyebadilisha mawazo. Sikiliza "Help Me" ya 1963: kinanda cha ogani kinazunguka chini, naye anadondosha vipande vifupi juu yake na kusubiri. Muda wake wa kuingia ni wa kuchelewa kidogo, kila mara, hata unahofu amesahau. Hajasahau. Pia anaweza kukitia kinanda chote mdomoni na kukipiga bila mikono, lakini hiyo ni ya kutazama zaidi kuliko kusikiliza.

Kwa kifupi cha daftari langu: John Lee anasema pamoja na kinanda, Rice Miller anasengenya nacho.

Na Walter wawili

Marion Walter Jacobs, yaani Little Walter, alizaliwa Marksville, Louisiana, mwaka 1930. Tarehe 12 Mei 1952, mwishoni mwa kazi ya studio ya Muddy Waters, alirekodi "Juke", wimbo usio na mwimbaji, na ukashika namba 1 kwenye chati ya Billboard ya midundo na bluzi kwa wiki 8. Alikuwa na miaka 22.

Weka "Juke" na usikilize mwanzo tu. Kipande kinapanda ngazi, kinashuka, kinarudiwa, na kila mara kinateleza juu ya pigo kama mcheza soka anayempita beki bila kumgusa. Huyu alisikiliza saksafoni za Louis Jordan kuliko vinanda, na mistari yake ni mirefu, inavuka mipaka ya baa, ina mapinduo ya jazi. Mkwaruzo upo lakini umepimwa, mwangwi unamzunguka, mtetemo ni wa koo, mwembamba, unaingia mwishoni mwa noti. Kwenye "Blue Lights" ya 1954 utamsikia akishika kromatiki pia.

Big Walter Horton, mzaliwa wa Mississippi, hakimbii. Utajiri wake uko kwenye ukubwa wa noti moja. "Easy", aliyoirekodi Memphis mwaka 1953 kwa lebo ya Sun, akiwa na gitaa la Jimmy DeBerry, ndiyo mtihani wote. Anaanza laini, karibu na sauti ya mwanamke anayeimba akiwa mbali. Duru baada ya duru anaongeza nguvu, hadi mwishoni amplifaya inapasuka kabisa, na bado kila noti ni ya mviringo, imefungwa vizuri kwa ulimi. Anapokunja noti, haiteremki kwa kuteleza. Inakaa mahali, inasubiri, kisha inashuka. Isikilize mara tatu: mara ya kwanza furahia, mara ya pili fuata ulimi, mara ya tatu fuata pumzi na uhesabu wapi anavuta hewa.

Ukiwa na shaka kati yao, jiulize ni nini kilichobaki kichwani wimbo ulipokwisha. Kama ni mstari, ni Little. Kama ni noti, ni Big.

Mitego

Muddy Waters ndiye mtego mkubwa. Little Walter aliacha bendi yake 1952, akaingia Junior Wells, akapita Big Walter, na 1954 akaja James Cotton. Ungedhani basi kwamba tarehe inakupa jina. Lakini kampuni ya Chess iliendelea kumwita Little Walter studio: "Hoochie Coochie Man" ilirekodiwa Januari 1954 na kinanda ni chake. Kwa Muddy Waters, amini sikio, kalenda ije baadaye.

Mtego wa pili ni wanafunzi. Cotton alijifunza utotoni kwa Rice Miller, na Howlin' Wolf vilevile alipata kinanda kwake, kwa hiyo hila za Rice zitajitokeza mahali usipomtarajia. Mtego wa tatu ni wa kizazi cha karibu. Ukisikia kasi isiyo ya kawaida kwenye matundu ya juu ndani ya wimbo wa Rolling Stones wa 1978, "Miss You", huyo ni Sugar Blue. Ukisikia noti ambazo kinanda cha matundu 10 hakina, umefika kwa wafuasi wa Howard Levy, na bluzi ya miaka ya 1950 imeachwa nyuma sana.

Mazoezi

Tengeneza orodha ya rekodi 12 kutoka kwa hizi nilizotaja, ichanganye, ufunike skrini. Sikiliza sekunde 30 za kinanda, uzime. Kabla ya kuandika jina, andika mambo matatu: umeme au hewa, mtetemo wa kiganja au wa koo, mistari mirefu au mifupi. Jina liandikwe mwisho. Ukianza na jina, sikio litakutafutia ushahidi wa kulitetea, kama lilivyonifanyia mimi na Jimmy Rogers.

Wiki ya kwanza cheza na wawili tu, wanaotofautiana sana: Jimmy Reed na Sonny Terry, kwa mfano. Wiki inayofuata walete Sonny Boy wote. Walter wawili wabaki mwisho, tena uwawekee rekodi za mwaka mmoja, "Easy" ya Big Walter na "Off the Wall" ya Little Walter, zote za 1953, ili sauti ya studio isikusaidie kudanganya. Mtu wa pili akiwepo ni bora zaidi, maana mkibishana lazima mmoja aseme amesikia nini hasa, na "nahisi tu" haikubaliwi.

Utakapoweza kuwatenganisha wale Walter ukiwa unasonga ugali jikoni, muziki ukitokea chumba cha pili, sogea kwa Kim Wilson, mpigaji wa kizazi cha karibu. Huyo akiamua kuwa Little Walter, hata yule mzee wa kabati la santuri huomba sindano irudishwe.